UZI: Maktaba ya kitongojini inakufa kwa saa zake za kufungua, siyo kwa kukosa vitabu

mkazi_wa_pembezoni (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Hii ishu imenikaa kichwani muda mrefu nikaona niilete tuijadili kwa kirefu, mwenye haraka apite tu atarudi akitulia.

Sisi tunaoishi vitongoji vya pembeni ya mji tunajua maisha yalivyo. Asubuhi mtaa wote unamwagika kuelekea mjini, jioni watu wanarudi hoi, kila mtu anaingia kwake geti linafungwa, jirani unamjua kwa gari lake au kwa sauti ya mtoto wake akilia ila jina hulijui. Sasa jiulize, kwenye kitongoji chako ni wapi mtu anaweza kwenda akakaa masaa mawili bila kununua kitu, bila kuwa muumini wa mahali hapo, bila mtu kumuuliza umekuja kumuona nani? Fikiria vizuri. Wengi wetu tukihesabu tunabaki na maktaba peke yake, na kama maktaba haipo basi hakuna kabisa.

Kuna mwanasosholojia mmoja wa Marekani, Ray Oldenburg, mwaka 1989 alilieleza hili jambo vizuri sana. Alisema binadamu ana sehemu ya kwanza ambayo ni nyumbani, ya pili ni kazini, afu anahitaji sehemu ya tatu ya kukutana na wenzake bila cheo wala mwaliko. Na aliwanyooshea kidole waliopanga vitongoji kwamba walijenga nyumba na barabara wakaisahau hiyo ya tatu. Sasa ndo tunaishi humo humo alimokuwa anasema.

Hoja yangu ni hii. Watu wakianza kudai maktaba wanadai jengo. Jengo jipya, jengo kubwa, vioo, lami mpaka mlangoni. Na mimi nasema jengo siyo tatizo la kwanza, tatizo la kwanza ni saa. Maktaba nyingi za vitongoji zinafunguliwa saa tatu asubuhi zinafungwa saa kumi au kumi na moja jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa, yani zinakuwa wazi muda ule ule ambao kitongoji kizima hakipo. Mfanyakazi hayupo, mwanafunzi yuko darasani, anayebaki ni mstaafu na mama mwenye mtoto mchanga, na hao nao kama wako mbali hawafiki. Afu mwisho wa mwaka inaandikwa ripoti kwamba wananchi hawana mwamko wa kusoma. Mwamko gani jamani na mlango umefungwa?

S. R. Ranganathan, yule mkutubi mkubwa wa India aliyetoa kanuni tano za maktaba mwaka 1931, kanuni yake ya kwanza ni kwamba vitabu ni vya kutumika. Ukiisikia hivi hivi unaona mbona ni kitu cha wazi, lakini chini ya kanuni hiyo ndo aliweka mambo ya maktaba iko wapi, inafunguliwa saa ngapi, viti vikoje na wafanyakazi wakoje. Kwake yeye kitabu kilichofungiwa ndani wakati msomaji yuko huru ni kitabu kisichotumika. Karibu miaka mia imepita na bado tunabishana hapo hapo.

Naomba michango. Wenye maktaba karibu yenu inafunguliwa lini, na mngependa iweje?

kibodi_na_kalamu

Mkuu nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu ila mi nina swali moja tu, maktaba ya nini zama hizi? Simu ipo, intaneti ipo, kitabu chochote napakua nikiwa kitandani. Mwanangu homuweki anafanya kwa simu. Hela ya halmashauri iende kwenye taa za barabarani na mitaro, hayo ndo mahitaji ya kitongoji, hili la maktaba naona ni kumbukumbu za watu wa zamani wanataka kurudisha ujana wao. Nisahihisheni kama nimekosea.

mlezi_wa_watatu

@kibodi_na_kalamu kaka, wewe una simu nzuri na bando halikukatikii ndo maana unaongea hivyo. Mimi nina watoto watatu na simu moja ya maana ndani ya nyumba, na hiyo simu naenda nayo kazini. Mkubwa anataka kutafuta kitu cha shule, wa kati anataka katuni, mdogo anataka tu kuishika. Maktaba ina kompyuta na waifai ya bure, ina meza, ina mwanga, ina ukimya, na vyote hivyo kwangu havipo kwa wakati mmoja hata siku moja.

Afu kitu kingine wanaume hamkioni. Mama aliyejifungua akihamia kitongoji kipya anaweza kukaa wiki nzima bila kuongea na mtu mzima zaidi ya mwenzi wake. Nilipohamia huku hakuna aliyenijua. Kilichonitoa ndani ni saa ya hadithi ya watoto pale maktaba, mnakaa chini kwenye mkeka mkutubi anasoma, watoto wanarukaruka, na nyie wazazi mnaanza kuulizana wako ana miezi mingapi, ana meno tayari, unakaa upande gani. Mpaka leo ninaowapigia usiku mtoto akiumwa ni wale wale wa kwenye mkeka. Niambie ni programu gani ya simu ingenipa hiyo.

Ila mleta uzi yuko sahihi, hiyo saa ya hadithi ilikuwa katikati ya asubuhi siku ya kazi. Niliporudi kazini ikawa ndo mwisho wangu, na wanangu nao wakawa wameishia hapo.

mkazi_wa_pembezoni (mleta uzi)

@mlezi_wa_watatu asante sana dada, umesema kitu ambacho mi kama mwanaume nilikuwa nakiona kwa mbali tu.

@kibodi_na_kalamu mkuu swali lako ni halali na wengi wanaliuliza ngoja nilijibu kwa heshima. Ungekuwa unaongelea ghala la vitabu ningekubaliana na wewe nusu. Lakini maktaba ya mtaa inafanya kazi ambayo huioni mpaka siku ya shida. Nakupa mifano miwili ya kweli.

Wa kwanza, Chicago mwezi wa saba mwaka 1995. Joto lilipiga vibaya sana wakafa watu zaidi ya 700 ndani ya siku chache, wengi wao wazee waliokuwa wanaishi peke yao. Mwanasosholojia Eric Klinenberg akaenda kuchunguza kwanini mitaa mingine iliumia sana na mingine jirani kabisa, yenye umaskini karibu sawa, ikanusurika. Alichokikuta ni kwamba pale ambapo mtaa una sehemu za watu kutoka na kuonana, mzee asipoonekana siku mbili mtu anaenda kugonga. Pale ambapo hakuna sehemu za namna hiyo, mzee alijifungia ndani akafia ndani. Miaka mingi baadaye huyo huyo alirudi akaandika kwa kirefu kuhusu maktaba kuwa ni moja ya sehemu muhimu kabisa za aina hiyo. Maana yake ni miundombinu kama huo mtaro wako unaoutaka, tofauti ni kwamba huu unabeba watu.

Wa pili ni Ferguson, kitongoji cha pembeni ya mji wa St. Louis huko huko Marekani, mwaka 2014. Polisi walimuua kijana mmoja, mtaa ukawaka, shule zikachelewa kufunguliwa, watoto hawana pa kwenda. Maktaba yao ni ndogo, ilikuwa na mkutubi mmoja tu wa kudumu, lakini ilibaki wazi. Walimu wakaenda pale kujitolea wakafundisha watoto kwenye hizo meza. Novemba hali ilipochafuka tena shule zikafungwa na maktaba ikabaki wazi tena. Watu kutoka kila kona wakaanza kuichangia. Hebu angalia hapo mkuu, lile jengo halikuwa na ajabu yoyote, kilichofanya kazi ni mlango kuwa wazi siku ambayo kila mlango mwingine umefungwa.

kibodi_na_kalamu

Hapo kwa wazee umenigusa mkuu, mama yangu anakaa peke yake kwenye kitongoji cha namna hiyo hiyo na kuna siku sijui kama kuna mtu amemuona. Sijabadilika yote ila nimekuelewa. Sa swali langu la pili, nani analipa?

nyuma_ya_dawati

Wakuu, mimi ni mkutubi, nafanya kazi kwenye tawi dogo la kitongoji kwa miaka mingi sasa, sitataja wapi. Naomba nichangie kama mtu wa ndani maana naona mnaongea mambo ambayo sisi tunayaishi.

Kuhusu nani analipa. Hili lilijibiwa zamani sana. Peterborough, mji mdogo tu kule New Hampshire, Marekani, mwaka 1833 walikubaliana maktaba yao ihudumiwe na kodi na iwe ya wakazi wote. Uingereza wakapitisha sheria mwaka 1850 iliyoruhusu miji kutoza kodi kidogo kwa ajili ya maktaba. Na hapa kuna kitu huwa nawasimulia wenzangu kazini, ile sheria ya 1850 iliruhusu hela hiyo kujenga na kuendesha jengo lakini haikuruhusu kununua vitabu! Walifikiri vitabu watu watatoa kama zawadi. Ikabidi wairekebishe miaka mitano baadaye. Kwa hiyo hii tabia ya kuona jengo ndo maktaba yenyewe haikuanza leo.

Mwingine aliyelielewa hili ni Andrew Carnegie, yule tajiri wa chuma. Kati ya 1883 na 1929 hela yake ilijenga maktaba 2,509 sehemu mbalimbali za dunia. Lakini hakuwa anagawa hivi hivi. Masharti yake yalikuwa mji utoe kiwanja, na mji ukubali kwa maandishi kutoa kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya ujenzi kwa ajili ya kuiendesha. Mishahara, vitabu, taa, ukarabati. Kuna miji iliikataa hela yake kwa sababu ya hilo sharti. Alijua kujenga ni siku moja, kuendesha ni maisha yote.

Sasa rudi kwetu. Wanasiasa wanapenda kukata utepe. Hakuna utepe wa kukata pale unapoongeza masaa mawili ya jioni siku ya Jumatano. Ndo maana hata bajeti ikiwepo inaenda kwenye zege. Nimeshaona tawi limepakwa rangi, limewekewa vigae, limewekewa bango jipya, na wafanyakazi wakapunguzwa mwaka huo huo. Wasomaji wakaja wakakuta vigae.

Na kuhusu kazi yenyewe, naomba niseme ukweli. Siku yangu ya kawaida kuulizwa kitabu ni sehemu tu. Anakuja mtu ana fomu ya serikali haielewi. Anakuja kijana anataka kuandika barua ya kuomba kazi na hajawahi kushika kibodi. Anakuja mzee mtoto wake wa mbali amemtumia picha hajui kuzifungua. Anakuja mtu hana pa kulala anataka tu pa kukaa mvua ipite. Wote hao ni wasomaji wangu. San Francisco mwaka 2009 waliajiri afisa ustawi wa jamii kabisa ndani ya maktaba kwa sababu waliona hao watu wanakuja kila siku na mkutubi peke yake hawezi kila kitu. Miji mingine ikafuata. Sisi huku kwetu tunafanya bila mafunzo, kwa moyo tu.

kimya_tafadhali

Mkutubi heshima kwako mkuu. Ila mi naomba nitoe malalamiko yangu kwa nia njema. Mimi ni mwanafunzi nasomea mtihani wa taaluma, nyumbani kelele, chuo mbali. Maktaba ya mtaa ndo kimbilio langu na siku hizi imegeuka. Watoto wanakimbia, watu wanaongea na simu, kuna vikundi vinafanya mikutano, mara wanashona. Sikatai jamii kukutana lakini maktaba ni sehemu ya kusoma, tukiigeuza ukumbi wa mtaa sisi wasomaji tunaenda wapi? Mnaongea mambo ya sehemu ya tatu na saa ya hadithi kama vile ukimya ni kitu cha kizamani. Kwangu ukimya ndo huduma yenyewe.

mlezi_wa_watatu

@kimya_tafadhali mdogo wangu wala hujakosea. Wanangu ndo hao wanaokimbia na huwa najisikia vibaya nikiona mtu amevaa visikio anajitahidi kusoma. Lakini sasa tukikatazwa sisi tunarudi ndani kufungiana.

nyuma_ya_dawati

@kimya_tafadhali hili ndo gumu kuliko yote kwenye tawi dogo na nakupa pole. Maktaba kubwa wana nafasi. Helsinki kule Ufini walifungua maktaba yao ya Oodi Desemba 2018, ghorofa ya chini ni ya kukutana, ya kati ina cherehani, studio na mashine za kuchapa vitu, ya juu kabisa ndo vitabu na utulivu. Wamegawa kelele kwa ghorofa. Sisi wenye chumba kimoja na nusu hatuna hiyo nafasi.

Lakini hata chumba kimoja kinaweza kugawanywa kwa saa. Asubuhi na mapema mchana watoto wadogo na wazee, wanaongea, sawa. Kuanzia jioni mpaka kufunga, kimya kabisa, simu nje, mikutano hakuna. Nimeona ikifanyika na watu wanaheshimu kabisa kama imeandikwa mlangoni na mkutubi anaisimamia bila upendeleo. Tatizo linarudi kwenye hoja ya mleta uzi, ukiwa na masaa ya mchana peke yake kila mtu anagombania muda ule ule. Masaa yakiongezeka ugomvi unapungua wenyewe. Mwanafunzi na mtoto wa miaka mitatu hawahitaji kukutana hata kidogo kama mlango uko wazi mpaka saa mbili usiku.

kimya_tafadhali

Hapo sawa mkuu. Jioni kimya hata mimi nasaini.

faini_imenishinda

Naingia kwa mlango mwingine. Hamjagusia faini. Mi niliacha kwenda maktaba kwa sababu hiyo, mtoto alipoteza kitabu, faini ikakua, nikaona aibu kwenda kuuliza ni kiasi gani, muda ukapita, sasa hivi nikipita pale naangalia upande mwingine. Na najua siko peke yangu. Mwenye nacho analipa anasahau, asiye nacho ndo anafukuzwa kimya kimya, na ndo huyo huyo mnasema maktaba ni ya kwake.

nyuma_ya_dawati

@faini_imenishinda ndugu yangu rudi. Nenda tu ukaongee na aliyepo dawatini, maktaba nyingi zina utaratibu wa kufuta au wa kurudisha kitabu kingine cha aina hiyo, na hakuna mkutubi anayekaa anakumbuka sura ya mtu kwa ajili ya kitabu kimoja, nakuhakikishia.

Na dunia inaondoka huko. Chicago waliondoa faini za kuchelewesha Oktoba 2019 na wakafuta madeni ya zamani. Kilichotokea ni kwamba vitabu vilivyokuwa vimepotelea majumbani vilianza kurudi kwa wingi, na wenye vitabu nao wakarudi. San Francisco nao mwaka huo huo. Maana faini haikuwa inarudisha vitabu, ilikuwa inawazuia watu kuvileta. Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lilitoka mara ya kwanza 1949 na toleo la karibuni ni la 2022, linasema kimsingi huduma iwe bure. Faini ni kiingilio kinachodaiwa mlango wa kutokea.

Kitabu kilichopotea kabisa hicho ni kitu kingine, hapo lazima kuwe na utaratibu, ila siku mbili tatu za kuchelewa? Hapana.

mstaafu_wa_kona

Nimesoma vijana wangu na nimefurahi. Mimi ndiye yule mstaafu mleta uzi aliyesema anabaki mchana. Ni kweli, mchana maktaba ni yetu, tunasoma magazeti, tunabishana kidogo, tunarudi. Lakini naomba niseme kitu kwa niaba ya wazee. Hatutaki maktaba ya wazee peke yao. Tulipokuwa wadogo mtu wa rika zote alikuwa anakutana na mwenzake njiani, leo mzee anakaa na wazee, kijana na vijana. Ikifunguliwa jioni hata mimi nitabadilisha ratiba nije jioni, niwaone hao vijana, nimsaidie mmoja hesabu maana hesabu nilifundisha maisha yangu yote na kichwa bado kipo. Hakuna mtu ameniomba hesabu tangu nistaafu.

Jambo la pili, kabla hamjaomba kitu chochote kikubwa angalieni vilivyopo. Kwenye nyumba zetu kuna vitabu vimelala, kuna ngazi, misumeno, mashine za kutoboa ukuta, vinatumika mara moja kwa mwaka. Berkeley kule California maktaba yao ilianza kuazimisha vifaa vya kazi mwaka 1979 na mpaka leo inaazimisha. Kitongoji kizima hakihitaji ngazi kila nyumba. Na mtu akija kuazima ngazi anaondoka anajua jina la aliyeitoa.

kibodi_na_kalamu

Mzee wangu hiyo ya hesabu, mwanangu anahitaji mtu wa namna yako haraka sana. Natamani tungekuwa kitongoji kimoja.

Ila hiyo ya vifaa nimeipenda, na vile vijisanduku vya vitabu vya kuweka nje ya nyumba je? Niliona vinasambaa sana. Si vinatosha? Hakuna mshahara, hakuna saa za kufunga, unachukua kimoja unaacha kimoja.

mkazi_wa_pembezoni (mleta uzi)

@kibodi_na_kalamu vile vilianza 2009 Hudson, Wisconsin, jamaa mmoja anaitwa Todd Bol alitengeneza kijisanduku kama kijumba akakiweka nje kwake kwa kumbukumbu ya mama yake aliyekuwa mwalimu, vikasambaa dunia nzima. Ni kitu kizuri na kama kitongoji hakina chochote anza nacho kesho. Lakini kijisanduku hakikusaidii fomu, hakina meza, hakimjui mtoto wako anapenda vitabu vya wanyama, na mvua ikinyesha huwezi kuingia ndani yake. Ninachoogopa ni mtu wa bajeti akione aseme basi hawa wameshajipatia maktaba. Kiwe nyongeza, kisiwe mbadala.

Hapo hapo naomba niulize mkutubi, hizi maktaba za Denmark zisizo na mfanyakazi jioni unazionaje? Nasikia unaingia kwa kadi yako, unaazima mwenyewe kwenye mashine, mpaka usiku.

nyuma_ya_dawati

Ndiyo, wenzetu wa Denmark wameanza hilo tangu miaka ya 2000, na Ufini nao wanalo. Mchana kuna mkutubi, baada ya saa zake mlango unafunguka kwa kadi ya mwanachama na namba ya siri, kuna kamera, taa zinajizima zenyewe muda wa mwisho. Kwenye vitongoji vidogo imesaidia sana, maana tawi lililokuwa linakaribia kufungwa likaweza kubaki wazi masaa mengi kuliko zamani.

Maoni yangu kama mtu wa dawatini, na sisemi hivi kwa kuogopa kazi yangu. Inafaa ikiwa ni nyongeza juu ya masaa ya mkutubi. Ikiwa ndo sababu ya kumwondoa mkutubi, mtaa umepoteza. Anayefaidika na mlango wa kadi ni yule anayejua tayari anachotaka, kama @kimya_tafadhali, ataingia atakaa atasoma ataondoka vizuri kabisa. Lakini yule wa fomu, yule wa kibodi, yule anayeona aibu, hao hawaingii kwenye chumba chenye mashine peke yake. Na mtoto anayekuja bila mzazi hawezi kuachwa na kamera.

Hata kumruhusu msomaji achague kitabu kwenye rafu mwenyewe kulikuwa na vita. Zamani ulikuwa unaandika jina la kitabu unaletewa, rafu huzigusi. Clerkenwell, London, mwaka 1894 mkutubi James Duff Brown akaamua wasomaji waingie wenyewe wachague, wenzake wakamshambulia sana wakisema vitabu vitaibiwa na mpangilio utaharibika. Leo hakuna anayeweza kufikiria vinginevyo. Kwa hiyo siogopi mlango wa kadi, ninachotaka ni kujua kwanza mkutubi anabaki au anaondoka.

mlezi_wa_watatu

Haya wakuu tusije tukaishia kuongea kama siku zote. Tunafanyaje? Mimi nikiandika barua kwa halmashauri naandika nini?

mkazi_wa_pembezoni (mleta uzi)

Mimi pendekezo langu ni tusiombe masaa zaidi kwanza. Tuombe masaa yahamishwe. Maktaba inayofunguliwa masaa arobaini kwa wiki inaweza kubaki na masaa yale yale arobaini na wafanyakazi wale wale, ila siku mbili ianze mchana iende mpaka usiku, na Jumamosi iwe wazi badala ya Jumatatu. Bajeti haiguswi sana. Hapo hawana jibu rahisi la hela hakuna. Baada ya hapo watu wakijaa ndo tunaomba nyongeza tukiwa na namba mkononi.

nyuma_ya_dawati

Nakubaliana, na naongezea mambo ambayo yatafanya barua isomwe badala ya kuwekwa kwenye faili.

Msiandike tunapenda kusoma. Kila mtu anaandika hivyo. Andikeni nani anakosa huduma na saa ngapi. Kaeni nje ya mlango jioni na Jumamosi mhesabu waliokuja wakakuta pamefungwa, muulizeni kila mmoja alikuja kufanya nini, mwandike. Ombeni takwimu za tawi lenu, maktaba nyingi zinahesabu wanaoingia kwa saa, utakuta kuna masaa ya asubuhi hakuna mtu kabisa, hayo ndo ya kuhamisha. Ombeni jaribio la miezi sita, mtu wa ofisi anaogopa mabadiliko ya kudumu ila jaribio anaweza kusaini. Na muongee na mwalimu mkuu wa shule ya karibu asaini pamoja nanyi, barua yenye muhuri wa shule ina uzito mwingine.

Sasa na mimi naomba kitu kwenu. Kila mtu hapa anaongelea saa za msomaji, hakuna aliyeongelea saa za mkutubi. Wengi wetu tunakaa mbali kuliko nyinyi, tukifunga saa mbili usiku tunaanza safari ya kurudi gizani, na tawi dogo mara nyingi mtu yuko peke yake anafunga milango peke yake. Dada mwenzangu mmoja aliacha kazi kwa ajili hiyo tu. Mkidai jioni daini pia wawe wawili siku hizo, na taa za nje ziwake.

kibodi_na_kalamu

Taa! Si nilisema mimi taa za barabarani. Basi ziwekwe kwenye barua moja, kuanzia kituo cha basi mpaka mlango wa maktaba. Hapo hata mimi nasaini na napita nyumba kwa nyumba kwenye mtaa wangu.

mstaafu_wa_kona

Muda ninao, kazi ya kuhesabu watu mlangoni nipeni mimi.

mkazi_wa_pembezoni (mleta uzi)

@nyuma_ya_dawati umesema jambo la msingi mkuu na lilikuwa halipo kwenye rasimu yangu. Nimeliweka, kwa hiyo rasimu sasa inasomeka hivi kwa kifupi: jaribio la miezi sita, Jumanne na Alhamisi tawi lianze saa sita mchana mpaka saa mbili usiku na wafanyakazi wawili, kimya kuanzia saa kumi na mbili jioni, Jumamosi iwe wazi na saa ya hadithi ihamie hapo, Jumatatu lifungwe, taa kuanzia kituoni mpaka mlangoni, na faini za kuchelewesha zisimamishwe kwa hiyo miezi sita ili tuone vitabu vingapi vinarudi. Kila mtu aibadilishe kwa tawi lake kulingana na hesabu za mlangoni atakazopata.

@faini_imenishinda hicho kipengele cha mwisho ni chako, ukiona kimekaa vibaya nirekebishe kabla sijaituma. Ntaleta mrejesho hapa hapa wakijibu.